Posa ya Mitandao Miwili

Kampuni yetu ya Ngong Road ilipoinunua ile ya Industrial Area, bosi alitaka kitu kimoja tu: seva yetu ya hesabu ionane na seva yao ya stoo bila kuzungukia intaneti ya kila mtu. Mitandao pepe yote miwili (mitandao ya ndani iliyoundwa kwenye wingu) ilikuwa Azure, wingu la Microsoft, kwenye kituo cha Johannesburg. Kabla hata ombi la kwanza halijatumwa, wakurugenzi walikuwa wameshaalikwa waje Ijumaa kushuhudia.

Kazi yenyewe, kuunda muungano wa mitandao (peering), si ndefu. Unatuma PUT (ombi la kuunda au kubadilisha kitu) kwa management.azure.com, anwani ikitaja usajili wako, kikundi cha rasilimali, virtualNetworks na jina la mtandao wako, kisha virtualNetworkPeerings na jina unaloupa muungano. Mwishoni weka api-version, yaani toleo la kiolesura unachotumia. Ukiisahau unarudishiwa 400, yaani ombi lina kosa, papo hapo. Ndani ya ombi unaandika remoteVirtualNetwork na id ya mtandao wa pili, nzima nzima kuanzia /subscriptions, na allowVirtualNetworkAccess iwe true.

Ombi likarudi na 400: VnetAddressSpacesOverlap, yaani mafungu ya anwani yanagongana. Sisi 10.0.0.0/16, wao 10.0.0.0/16. Siku ya kuunda mitandao hiyo, namba zilikuwa zimejazwa tayari, na waliotutangulia pande zote mbili walibonyeza tu kuendelea. Nikampigia kijana wa Industrial Area.

"Kaka, mbadilishe anwani zenu."

"Kwa nini zetu? Si mbadilishe zenu?"

"Nani alimnunua nani?"

Alinyamaza, kisha nikasikia kibodi. Aliongeza fungu la 10.20.0.0/16, akatengeneza sabneti mpya (kipande cha mtandao), akahamisha mashine moja baada ya nyingine, maana sabneti yenye mashine ndani haibadilishwi anwani, na fungu la zamani haliondoki sabneti zake zikiwa bado zipo. Kwa heshima yake, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hakuna aliyempigia makofi.

Nikatuma tena. 201, yaani imeundwa. GET (ombi la kusoma tu) iliyofuata ikaandika "provisioningState": "Succeeded". Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, na neno hilo analijua. Alishafika ghorofa ya juu na habari njema kabla sijamwonyesha mstari mwingine: "peeringState": "Initiated". Succeeded maana yake ombi limeshughulikiwa salama. Initiated maana yake barua ya posa imefika ila ukweni hawajajibu. Lazima nao watume PUT yao, id zikigeuzwa, ndipo kila upande usome Connected. Kabla ya hapo haipiti hata pakiti moja, bosi ashangilie asishangilie.

Kijana alituma yake jioni. Connected huku, Connected kule, na seva ya stoo ikaitika kwenye poti 1433, mlango wa hifadhidata ya SQL Server. (Usipime kwa ping, ile amri ya kubisha hodi. Seva za Windows mara nyingi huizuia, na utalaumu mtandao bure.)

Ijumaa, wakurugenzi wakaketi, projekta ikawashwa, mbuzi ananukia nje. Tokeni, kibali cha muda cha kutuma maombi, nilikuwa nimeshaichukua ili iwe ni kubonyeza tu. Tokeni hizo huishi kati ya dakika 60 na 90. Hotuba ya bosi kuhusu "familia moja" iliishi zaidi. Alipoamuru "Onyesha!", skrini ikaandika 401, yaani kibali hakikubaliki.

Mkurugenzi mmoja, mama mwenye miwani, akainama mbele. "Hizo ni elfu ngapi?"

Nikachukua tokeni mpya, nikatuma GET. "Disconnected".

Kumbe kule Industrial Area kila Ijumaa asubuhi kuna skripti ya usafi inayofuta chochote kilichoitwa jaribio, na kijana alikuwa ameuita muungano wake jaribio2. Upande mmoja ukifutwa, wa pili hubaki umekatika, na wao kutuma PUT upya peke yao hakusaidii. Nawe unafuta wako kwa DELETE, mnaanza mwanzo wote wawili. Nikampigia, spika ikiwa wazi.

"Kaka, safari hii unauita nini?"

"Usifute."

"Wa kwangu nishafuta, nauliza jina."

"Ndilo hilo, mkuu: usifute."

PUT yangu, PUT yake, Connected. Makofi. Mama akainua kalamu.

"Na tawi la Mombasa limeunganishwa na hawa wa Industrial Area. Kwa hiyo nalo tunaliona?"

Bosi alianza kuitikia kwa kichwa. Nikamwahi. Muungano hauvuki: sisi na Industrial Area, na Industrial Area na Mombasa, haitufanyi sisi na Mombasa. Ama tuunganishwe nao moja kwa moja, ama tuweke ruta katikati, allowForwardedTraffic (ruhusa ya kupokea data iliyopitishwa na mwingine) iwashwe na majedwali ya njia yaandikwe pande zote.

"Hayo mtaniletea na bajeti yake," mama akasema, akikunja miwani. "Sasa nani anakata nyama?"