Beit al-Ajaib: chokaa au zege?

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Sultani pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Jengo lilikuwa kwenye ukarabati kwa fedha za Oman, na mwaka 2012 kipande cha roshani yake kilikuwa kimeshaanguka. Likija suala la kulirudisha, wapo wanaotaka chokaa tupu na wapo wanaotaka zege na nondo, yaishe.

Wa chokaa wana hoja. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likirudi. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Pita kichochoro chenye nyumba iliyokarabatiwa harakaharaka, gonga lipu kwa kidole: inalia tupu. Ikibanduka utakuta unga mweupe wa chumvi, na jiwe limeanza kumong'onyoka.

Ila Beit al-Ajaib si sawa na majirani zake. Wao wamebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyao ni vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Sultani Sayyid Barghash, alipoijenga mwaka 1883, alitaka kumbi pana na roshani za kuzunguka jengo zima, akatumia nguzo na mihimili ya chuma. Chuma kando ya bahari hushika kutu, na kutu huvimba hadi ikapasua kilichokizunguka. Anayesema "turudishe vilevile" ajue anaurudisha na ugonjwa.

Kwa hiyo mihimili mipya isiyoshika kutu ningeikubali, mradi ifungwe kwa bolti na iweze kufunguliwa siku ikipatikana njia bora. Mkanda mzito wa zege juu ya ukuta wa zamani, hapana. Zege ni gumu, matumbawe ni laini. Mzigo hukimbilia penye ugumu na ukuta hupasuka pembeni.

Kinachonitia hofu zaidi, na sikisikii kikitajwa sana, ni kiungo kati ya ukuta mpya na wa zamani. Ukuta mpya wa chokaa huchukua miezi kukomaa, tena hutitia kidogo. Wa zamani umeshatulia zaidi ya miaka 130. Kuta hizo mbili zinapokutana ndipo ufa utakapoanzia, na mkandarasi aliyepewa tarehe ya sherehe ya ufunguzi hatakuwa na miezi hiyo ya kusubiri.