Tona Nzuri Haiwashi

Nyumbani kwetu Tabata tuna maji ya aina mbili. Kuna ya bomba, yakija, na kuna ya kisima, ambayo yapo siku zote lakini yana chumvi. Aliyekaa Dar anaijua tofauti yake bila kupimiwa maabara: ya kisima hayatoi povu, birika huota ukoko mweupe ndani, na ukiogea sabuni ya kipande unatoka bafuni ngozi inakwaruza kama vile hujajisuuza. Na kweli hujasuuzika. Chokaa iliyomo kwenye maji hushikana na sabuni ikawa utando usioyeyuka, ule ule unaogandia kwenye ukingo wa beseni. Sehemu ya utando huo hubaki usoni.

Mkwaruzo huo ndio ulionipeleka kutafuta tona, yale maji ya kupaka usoni. Sikuwa na shida ya urembo wala sikuwa nimeona tangazo la mtu. Nilitaka tu kitu cha kupitisha usoni baada ya kunawa, uso utulie. Bahati mbaya ya kwanza niliyonunua ilinitesa miezi minne.

Niliinunua Kariakoo. Winga alinipokea nje ya duka, akanitazama mara moja tu, akasema, "Dada yangu, wewe ngozi yako ya mafuta. Chukua hii, inakausha chunusi zote, wiki moja tu." Chupa yenye maji ya buluu, shilingi elfu nane. Usiku ule nikailoweka kwenye pamba nikafuta uso mzima. Ikawaka hadi machozi yakanitoka. Nilipoitazama pamba nikaona imeingia weusi, nikaridhika kwamba uchafu unatoka. Kazini nikawasimulia wenzangu, wakanijibu kwa sauti moja: ikiwasha ujue inafanya kazi.

Nikavumilia wiki tatu. Mashavu yakaanza kubanduka magamba madogo madogo huku paji la uso likizidi kutoa mafuta. Chunusi hazikukauka. Kila mahali palipowasha sana pakabaki doa jeusi, na madoa hayo ndiyo yaliyokaa miezi minne, muda mrefu kuliko chunusi zenyewe.

Nimelifikiria sana lile neno la wenzangu, kwa sababu hawakulisema kwa ubaya. Ndivyo tulivyolelewa. Ukichubuka goti unapakwa spiriti, ukilia unaambiwa inaua vijidudu. Ukienda saluni kuweka dawa ya nywele, kichwa kinaungua, dada wa saluni anakwambia vumilia kidogo, bado haijashika. Tumezoea kuamini kwamba dawa isiyouma haijaingia. Kwenye uso imani hiyo ni hatari, na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi ni hatari zaidi. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi yetu ni changamfu. Ngozi ikikerwa, iwe kwa chunusi, kwa kukwanguliwa au kwa kemikali kali, zinamwaga rangi pale palipoumia. Mtu mweupe akiunguzwa na tona hiyo hiyo atakuwa mwekundu siku chache. Sisi tunabaki na doa. Kisha tunaanza kutafuta cha kuondoa doa, na huko ndiko kwenye mitego ya mkorogo.

Hapo nitakaa kidogo. Haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo chupa za "tona ya kung'arisha" zisizo na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo bado zinatandazwa barabarani. Msichana aliyeunguzwa na tona kali ndiye mteja mwepesi kuliko wote wa chupa hizo, kwa sababu ana madoa na ana haraka. Nilikaribia kuwa mmoja wao. Aliyenizuia ni mfamasia mmoja wa mtaani kwetu, mama mtu mzima, ambaye badala ya kuniuzia chochote alinisomea maandishi ya nyuma ya chupa yangu ya buluu. Neno la pili baada ya maji lilikuwa alcohol denat. Akaniambia, "Mwanangu, vilivyotajwa mwanzo ndivyo vingi. Umekuwa unaosha uso kwa spiriti yenye rangi."

Kumbe hata asili yake iko hivyo. Tona nyingi za zamani za Ulaya na Marekani zilitengenezwa zifute: zifute masalia ya sabuni na ya yale mafuta mazito ya kuondolea vipodozi, na kileo kilikuwa kifutio rahisi. Clinique walipoanza Marekani mwaka 1968 na hatua zao tatu, sabuni, maji ya kufutia, kisha losheni, yale maji ya katikati yalikuwa na kileo. Wakati huo huo Japani na Korea walikuwa na desturi nyingine: maji ya kupaka baada ya kunawa, ya kulowesha ngozi kabla ya krimu. Leo vitu hivi viwili vinauzwa kwa jina moja, rafu moja, chupa zinazofanana. Kimoja kinaondoa, kingine kinaongeza. Nadhani ndiyo maana mabishano juu ya tona hayaishi. Huyu anazungumzia spiriti, yule anazungumzia maji.

Ninayoitetea mimi ni ya pili.

Kuna maneno mawili ya wauzaji ambayo ningependa yaachwe. La kwanza ni kwamba tona inafunga vitundu vya ngozi. Vitundu si milango. Havina msuli wa kuvifungua na kuvifunga. Ile hali ya kubana ni ngozi kukauka tu. La pili ni kwamba bila tona ngozi inapoteza mizani yake. Hili lina ukweli nusu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo: pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, iko karibu na 5, ilhali sabuni ya kipande ya kawaida iko kati ya 9 na 10. Ukizingatia kwamba kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, utaona sabuni inaisogeza ngozi mbali sana na kwake. Lakini ngozi hujirudi yenyewe baada ya saa chache. Tona laini yenye asidi kidogo inaipunguzia mwendo tu. Kwa anayenawa maji yasiyo na chokaa nyingi na sabuni ya uso isiyo kali, safari yenyewe ni fupi, na tona anaweza kuiacha asipungukiwe na kitu. Kwa sisi wa maji ya kisima, kazi yake ya kulowesha inaonekana tangu usiku wa kwanza.

Nilipoanza upya nilimpigia simu mamkubwa wangu Tanga. Yeye hakuwahi kusikia neno tona, lakini uso wake na miaka yake sabini ni laini kuliko wangu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka, akaniuliza kama nimesahau mrashi wa bibi. Sikuwa nimeusahau. Ulikuwa wa shaba, shingo ndefu, ukitolewa kwenye maulidi na harusi watu wanyunyiziwe maji ya waridi wanapoingia. Watoto tulikuwa tunajipitisha mara mbili tupate matone ya ziada. Nilichokuwa sikijui ni kwamba yale yaliyobaki bibi alikuwa akiyapaka usoni usiku, baada ya kunawa, kwa kiganja. Siku za kumtengeneza bi harusi, liwa, ule unga wa mti unaonukia, ikishaoshwa, uso ulipitishiwa maji hayo hayo. Pwani yetu ilikuwa na hatua ya maji kati ya kusafisha na mafuta kabla sijazaliwa. Hakuna aliyesema iwashe.

Kwa hiyo nilianza na maji ya waridi, na bado nayatumia. Ila mnunuzi awe makini. Maji ya waridi ya kweli ni mvuke uliopita kwenye maua ukakusanywa, kama wanavyofanya Oman kwenye milima ya Jabal Akhdar waridi zikichanua. Chupa nyingi madukani ni maji yaliyotiwa manukato na rangi ya pinki. Hayo yafae nguo na sebule. Ukisoma nyuma ukakuta maji ya waridi peke yake, au na kihifadhi kimoja, hapo sawa. Na mwenye ngozi inayokereka na harufu yoyote atafute tona isiyonukia kabisa yenye viungo vya kulainisha kama glycerini, panthenoli au shubiri.

Glycerini ninaitaja kwa upendo. Chupa ndogo ya famasia ni bei ya chapati chache na chai, nayo ni kati ya viungo vikuu vya tona nyingi za bei kubwa. Inavuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Usiipake tupu, inanata na inaweza kuvuta maji ya ngozi yenyewe hewa ikiwa kavu. Kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya waridi, au maji yaliyochemshwa yakapoa, ya ujazo wa kama kikombe cha kahawa, kinatosha. Weka kwenye friji, utumie siku tatu nne, kinachobaki mwaga. Joto la Dar halina huruma na kitu kisicho na kihifadhi. Maji ya mchele ya kuloweka usiku yakiachwa mezani yanachacha; hayo usipake usoni eti kwa sababu ni ya asili. Ndimu ni ya asili pia, na ndimu pamoja na jua la saa sita vinaunguza ngozi.

Ratiba yangu ni fupi. Narudi na daladala ya Buguruni, uso una vumbi, jasho na moshi. Nanawa, na siku za maji ya kisima natenga jagi moja la maji ya kunywa kwa suuza ya mwisho. Sikaushi uso wote, naacha unyevu. Natia tona kiganjani, kiasi cha kujaa bondeni pa mkono, nagandamiza mashavuni, kwenye paji, shingoni. Pamba niliiacha. Inakunywa nusu ya tona na kusugua ngozi bila sababu. Uso ukiwa bado una majimaji, napaka krimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ikiwa nzito na mtu anatoka jasho amekaa, naweka krimu nyepesi sana kama tone. Kusi likianza kuvuma, Juni na kuendelea, hewa hukauka kidogo. Hapo tona naipaka mara mbili, moja juu ya nyingine.

Haichukui dakika tatu. Ni dakika tatu ambazo simu iko chumbani na hakuna anayeniita, na nimegundua naushika uso wangu taratibu kuliko nilivyowahi kuushika. Zamani niliukwangua kama sufuria.

Kwa wanaume nina neno moja. Kaka zetu wakitoka kunyoa wanapakwa spiriti kidevuni, wanauma meno, wanalipa, wanaondoka. Kisha wanauliza vipele vya ndevu vinatoka wapi. Vingi vinatokana na nywele zilizojikunja kurudi ndani ya ngozi, na spiriti inazidi kuikera ngozi iliyokwisha kukereka. Mashine isafishwe vizuri, hilo ni la lazima na ni haki ya mteja kulidai. Kidevu kipewe tona laini isiyo na spiriti. Mume wangu aliazima chupa yangu Januari, hajairudisha.

Zile tona zenye asidi, ya glaikoliki au salisiliki, ni habari nyingine. Zina kazi yake na zimewasaidia wengi wenye chunusi na madoa. Lakini si za kila siku kwa anayeanza. Usiku mmoja baada ya siku mbili tatu, na asubuhi yake krimu ya kujikinga na jua bila kukosa, hasa ya glaikoliki, kwa kuwa inaifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Dar iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba, jua linapita utosini kabisa, ukisimama mchana kivuli chako kiko chini ya miguu. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, tona au krimu ya jua, anunue krimu ya jua. Nasema hivyo nikiwa naipenda tona.

Mwezi uliopita mamkubwa alikuja Dar kliniki, akakaa kwetu wiki mbili. Siku ya tatu akalalamika mashavu yanambana. Maji yetu yalikuwa yamemfikia. Jioni nikamketisha kitandani, nikamwomba akinge mikono, nikamtilia. Akanusa kwanza. "Haina harufu," akasema, kama mtu aliyepunjwa. Nikamwambia hii ni ile ya glycerini, ya waridi imeisha. Akajipaka polepole, macho amefumba, kwa namna ile ile ya kugandamiza ambayo sikumfundisha. Akakaa kimya kidogo, kisha akakinga tena mikono.