Ukitaka IPA ya imperiali, acha kuhesabu uchungu

Muulize mtu aliyeanza juzi kupika bia nyumbani ni bia gani anaiwazia usiku na mchana, na aghalabu atakutajia IPA ya imperiali, yaani ile IPA (India Pale Ale) iliyoongezwa nguvu: kali, chungu, yenye harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, inayokufikia kabla bilauri haijagusa mdomo. Ukiangalia mapishi yake utakuta uchungu wa IBU 150, pengine 200, umeandikwa kwa fahari; IBU ndicho kipimo cha uchungu wa bia. Hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana njia.

IBU moja ni takriban miligramu moja ya asidi za hopsi, zile zilizogeuzwa na mchemko, katika lita ya bia. Kikokotoo kitakupa namba yoyote uitakayo. Sufuria haitakupa. Maji ya kimea yakiwa mazito asidi hizo hutoka kwa shida, nyingine hunaswa na hamira na mashapo, na bia inayojitapa kwa mamia ikipelekwa maabara ni nadra ipite 100 kwa mbali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hopsi ulizozidisha kwenye mchemko mrefu zitakuachia tope la majani na ladha ya nyasi, basi.

Bia hii huuliwa kwanza na utamu. Watu huona kileo cha asilimia 8 au 9 wakadhani lazima iwe nzito, wakamwaga kimea cha karameli bila huruma, matokeo yake ni sharubati chungu. Mimi kwa lita 20 huweka kama kilo 6 za kimea cheupe na nusu kilo ya sukari ya kawaida. Ndiyo, sukari. Wapo wanaoiona kama wizi, lakini hamira huila yote, kileo kinapanda na mwili wa bia unabaki mwepesi. Kimea nakiloweka kwenye nyuzi 65, si 70, ili vimeng'enya vikate wanga kuwa sukari ambayo hamira itaimaliza. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji yenye sukari, ikianzia 1.072 nataka ishuke hadi 1.010 hivi. Ikikwama 1.020, hakuna hopsi duniani itakayoiokoa.

Aina hii yenyewe ilizaliwa kwa hofu. Mwaka 1994 Vinnie Cilurzo, katika kiwanda kidogo cha Blind Pig huko Temecula, California, alikuwa na mitambo mikuukuu asiyoiamini, akaongeza kimea na kuzidisha hopsi maradufu ili kama kuna kasoro ifunikwe. Wengi huihesabu bia ile kuwa ya kwanza ya aina yake. Baadaye akiwa kwenye kiwanda cha Russian River akatengeneza bia ya Pliny the Elder, ya kileo cha asilimia 8, na mapishi aliyowapa wapikaji wa nyumbani yana sukari ndani yake. Wanaonibishia kuhusu sukari wabishane na yeye.

Hopsi zenyewe ziende kunakolipa. Chache mwanzoni mwa mchemko kwa ajili ya uchungu, kisha moto uzimwe, maji yapoe mpaka nyuzi 80, halafu hopsi za aina ya Simcoe, Centennial au Citra zikae humo nusu saa. Mafuta yenye harufu huruka haraka kwenye mchemko. Kwenye nyuzi 80 mengi yanabaki. Baada ya bia kuchacha natia nyingine, gramu 8 kwa lita, siku tatu. Ukizidisha sana hapo harufu haiongezeki kwa kiasi hicho, ila bia inayonywewa na vile vidonge vya hopsi vikivimba inaongezeka, na inauma kuitazama ikibaki chini ya chombo.

Kuna jambo wengi hawaambiwi. Hopsi huja na vimeng'enya vyake, na vikiingia kwenye bia iliyotulia huikatia hamira chakula kipya. Uchachukaji unaanza upya polepole. Ukijaza chupa siku hiyo hiyo unajitafutia chupa za kupasuka, au bia yenye ladha ya siagi. Pima leo, pima kesho kutwa. Namba isipocheza, jaza.

Halafu kuna oksijeni, adui ambaye ujanja wa kufunika kasoro kwa hopsi haumgusi. Mimina bia hii kwa mpira unaobubujisha hewa, na baada ya majuma machache ile rangi ya dhahabu imeshakuwa ya kahawia na harufu ya machungwa imegeuka asali iliyochoka na karatasi mbichi. Mwenye kegi, lile pipa la chuma la bia, aijaze maji safi pomoni, ayasukume nje kwa gesi ya kaboni, ndipo aingize bia bila kufungua kifuniko. Mwenye chupa aache nafasi ndogo shingoni na afanye haraka. Kwangu hili lina uzito kuliko aina ya hopsi uliyonunua.

Na usiiweke akiba. Nguvu yake huwadanganya watu wakadhani inazeeka vizuri, kumbe kinachodumu ni kileo. Harufu ndiyo inayoondoka kwanza. Ndiyo sababu napika kidogo kidogo, na wageni wakichelewa kuja siwasubiri. Mwenye hamu ya kufukia chupa kabatini mwaka mzima apike bia nzito ya kimea, hiyo itamvumilia.