Nyasi Zangu na Kijana wa Trekta

Nilipostaafu ukarani na kurudi nyumbani Uasin Gishu, nilijiambia kwamba mtu aliyefunga mafaili kwa miaka 30 hawezi kushindwa kufunga nyasi. Nikapanda ekari tatu za Boma Rhodes, nyasi za kulishia ng'ombe, ambazo majirani walinihakikishia kuwa hazina taabu, na kweli hazikuwa na taabu yoyote mpaka zilipotoa maua na kudai kukatwa.

Zilipokwisha kukatwa zililala shambani siku tatu, zikigeuzwa ili zikauke pande zote. Siku ya kuzifunga marobota kwa mashine inayovutwa na trekta niliamka alfajiri, lakini kijana wa trekta la kukodi, ambaye koti langu la ofisini limemzidi umri, alikataa kuanza kabla umande haujakauka. Kila baada ya muda aliokota nyasi chache, akazisokota karibu na sikio kama anayepokea simu, akasema, "Bado, mzee, hazijalia." Alinieleza kwamba robota likifungwa na unyevu huota ukungu, hupata joto lenyewe kwa ndani, na ghala zima laweza kuwaka bila kiberiti. Nililitazama ghala langu, ambalo mkopo wake bado naulipa, nikakaa chini kusubiri kilio cha nyasi. Zililia saa tano, wakati ambapo mawingu nayo yalikuwa yameanza kukutana upande wa magharibi.

Nilisisitiza kwamba nitaendesha mwenyewe ili nijifunze. Kijana akanivua koti kwanza, kwa kuwa shafti inayotoka nyuma ya trekta kuizungusha mashine huenda mizunguko 540 kwa dakika, na ikinasa pindo la nguo haingoji maelezo. Kisha akanifundisha klachi. Ukiikanyaga nusu, magurudumu husimama lakini mashine huendelea kushindilia. Ukiikanyaga hadi chini, vyote viwili husimama. Mguu wangu umelelewa ofisini na haujui habari ya nusu. Kila nilipofika penye rundo kubwa niliisimamisha mashine ikiwa na tonge mdomoni, na nilipoiachia tena tulisikia "pa!", bolti imekatika. Ilipokatika ya tatu nilichomoa kwenye kisanduku cha vifaa bolti moja ngumu ya chuma, nene kama kidole gumba.

"Mzee, hiyo haitakatika."

"Si ndiyo nzuri?"

"Itakatika gia."

Kumbe kuna bolti iliyotengenezwa makusudi ili ife kwa niaba ya wengine. Huko ofisini tulikuwa na karani wa namna hiyo, na sasa ninashuku kwamba alikuwa mimi.

Baada ya hapo nilifuata mstari wa nyasi bila kuyumba hata kidogo, nikijisifu moyoni, kumbe nyasi zilikuwa zikiingia upande mmoja wa mashine tu, na marobota yakatoka yamepinda kama ndizi. Mama watoto alikuja na chai, akayatazama, akauliza kama tumebadilisha zao.

Hata hivyo, kilichoniudhi kuliko vyote ni kile kidude cha kufunga mafundo. Kina kijidomo kama cha ndege, hujizungusha mara moja tu, na fundo huwa tayari kabla hujapepesa macho. Kila robota lina kamba mbili, na fundo moja likikataa, robota zima hufumuka pale pale lilipotua. Kijana akaipapasa kamba yangu, nene hapa na nyembamba pale, akauliza niliinunua wapi. Nchi inayolima mkonge wake yenyewe, nami nikafaulu kupata kamba mbovu!

Jioni tulihesabu. Shambani kulikuwa na marobota 43, lakini kihesabio cha mashine kilisema 61, kwa sababu kinahesabu kila mara mashine inapofunga, iwe fundo limeshika au halikushika. Malipo ni kwa robota, na mwenye mashine huamini kihesabio. Zaidi ya hayo, nyasi zilizofumuka zilikuwa zimerudishwa mashineni na kuhesabiwa upya, kwa hiyo kuna nyasi nilizozilipia mara mbili na nyingine, nadhani, mara tatu.

Wakati nikibishana juu ya yale 18, matone ya kwanza yakaanguka, na ng'ombe wa jirani alikuwa amekwisha kuingiza kichwa uani, akila ndizi yangu ya pili.