Jenerali Aitken na Tanga 1914: tunamlaumu kwa kosa lisilo lake

Ukitaja vita ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wanakumbuka nyuki waliowavamia askari vitani na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Meja Jenerali Arthur Aitken akitajwa ni yule Mwingereza aliyeleta askari kama 8,000 akatandikwa na watu 1,000 tu, na hapo stori inaishia. Mimi nimeisoma vita hii muda mrefu na naona huyu mtu tumemwonea. Alikosea, tena vibaya, lakini kosa tunalompa silo alilofanya.

Anza na hao askari 8,000. Walitoka Bombay katikati ya Oktoba, wakakaa wiki mbili na zaidi wamebanana melini kwenye joto, wengi bahari yenyewe ndo wanaiona kwa mara ya kwanza, wanatapika usiku na mchana. Kuna vikosi vilipewa bunduki za aina mpya karibu na safari, hata kuzizoea bado. Na Aitken mwenyewe, pamoja na kutumikia jeshi la India zaidi ya miaka thelathini, vikosi vingi kati ya hivyo hakuwahi kuviongoza hata siku moja, alikabidhiwa tu akaambiwa nenda. Halafu kazi yenyewe ni kushusha jeshi kwenye ufukwe wa adui, ambayo hata jeshi lililofanya mazoezi linaiogopa.

Kuna kitu kimoja kila nikikifikiria nakasirika, ile saa moja ya HMS Fox, meli ya kivita ya Waingereza. Jeshi la majini lilikuwa na makubaliano na Wajerumani kwamba Tanga na Dar es Salaam hazitapigwa, sasa wakubwa wa majini wakashikilia kwamba lazima adui aambiwe kwanza kuwa makubaliano yamekufa. Kwa hiyo tarehe 2 Fox ikaingia bandarini kweupe, Kapteni Caulfeild akamwita mkuu wa wilaya, Mjerumani anaitwa Auracher, akampa saa moja asalimishe mji. Auracher akajibu ngoja niulize wakubwa wangu, akashuka akaenda zake, na Lettow huko Moshi akajua. Baada ya hapo wakaanza kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo, muda unakwenda, askari wakaja kushushwa usiku pale Ras Kasone, ufukweni karibu na mji, na huku juu treni za reli ya Usambara zinateremsha askari wa Lettow kuelekea pwani. Jeshi lote lile silaha yake kubwa ilikuwa kushtukiza, na ilishatupwa baharini kabla mguu wa kwanza haujakanyaga matope ya mikoko. Ndiyo, Aitken alikubali utaratibu huo walipokutana Mombasa, na wanaomlaumu wana haki ya kusema jenerali mwenye msimamo angekataa. Lakini haukuwa mpango wake.

Wanaomlaumu nao wana hoja nzito. Maofisa wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, waliokuwa wanawajua askari wa Kiafrika wa Mjerumani walimwonya wasidharauliwe, hakusikiliza, na msaada wa KAR wenyewe akaukataa. Hiyo ni dharau na ilimgharimu. Zaidi ya watu 800 upande wake waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Nyuki waliumiza pande zote mbili, hao tuwaache.

Ila kama mimi ningekuwa hakimu wake ningeuliza usiku wa tarehe 4 tu. Jioni ile tarumbeta ya Wajerumani ilipigwa ikaeleweka vibaya, vikosi vyao vikarudi nyuma hadi kambini Kange, huko huko iliko stendi ya mabasi leo. Tanga ikabaki tupu! Mji ambao askari wa Aitken waliufia mchana kutwa ulikuwa wazi, hatua chache mbele yao, na Aitken hakujua kwa sababu hakutuma watu wa kutosha kwenda kuchungulia. Asubuhi akatoa amri ya kurudi melini, tena haraka haraka, vitu viachwe. Wakaacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha, na risasi 600,000. Lettow mwenyewe aliandika kwamba bunduki zile zilimtosha kuzipa kampuni tatu za askari silaha za kisasa. Mtu aliyekuwa na uhaba wa kila kitu akaletewa mlangoni, akaendelea kupigana hadi Novemba 1918, na miaka yote hiyo wapagazi wetu wanakufa njiani kwa njaa na kuhara, makumi ya maelfu.

Hilo ndo la kwake, silikatai. Lakini London ilivyolimaliza ni kuificha habari ya Tanga kwa miezi, halafu Aitken akashushwa hadi kanali, akawekwa nusu mshahara, na hakupewa tena jeshi la kuongoza. Ile saa moja ya bandarini yeye ndiye aliyeilipia.