Kalkuleta au kichwa? Mahesabu ya dozi kwa wanafunzi wa uuguzi

Kila muhula mvutano unarudi uleule, mwanafunzi wa uuguzi kwenye mtihani wa mahesabu ya dozi aruhusiwe kalkuleta au apige kwa kichwa na peni? Wakufunzi wengi wa zamani hawataki hata kusikia, na vijana nao wanauliza kwanini nihangaike kugawanya kwa mkono wakati simu ninayo mfukoni. Nimekaa wodini miaka mingi na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanapita mikononi mwangu, kiukweli kila upande una hoja ila naona wanabishania kitu ambacho sicho chenye hatari kubwa.

Nieleze tukio moja. Zamu ya usiku, wodi ya watoto wachanga, mwanafunzi wa mwaka wa pili ananifuata mezani: "Sista, naomba ampuli nyingine ya jenta, hii haijatosha." Nikamuuliza haijatosha kwa nani mwanangu? Akanionyesha mtoto wa siku mbili wa kilo tatu, ameandikiwa jentamaisini, ndiyo hiyo jenta, antibiotiki ya sindano, miligramu 5 kwa kila kilo. Ampuli yetu, kile kichupa kidogo cha dawa ya sindano, ni 80 mg kwenye 2 ml, sasa kichanga gani huyo anayemaliza ampuli nzima na bado anataka ya pili? Akanipa simu niangalie, kioo kinasoma 3.75, yaani ml 3.75. Tukarudi kwenye faili pamoja, uzito umeandikwa 3.0 na ile nukta imefifia hata haionekani, yeye akasoma 30. Mara 5 ni 150, gawanya kwa 80, zidisha kwa 2, inakuja 3.75 kweli. Dozi sahihi ilikuwa 15 mg, yaani 0.375 ml, hata nusu ml haifiki. Mara kumi! Na jenta ikizidi inakwenda kwenye figo na masikio. Namshukuru Mungu alikuwa bado hajamchoma.

Wanaopinga kalkuleta nikiwasimulia hili wanasema unaona sasa, simu ndo hizo. Hapana jamani, simu haikukosea hata kidogo, na angepiga kwa peni akiwa na 30 kichwani angepata 3.75 ileile, tena angechukua muda mrefu zaidi. Kilichokosekana ni kusimama na kushangaa. Mtoto wa kilo 30 ni wa darasa la nne, na huyu alimbeba mikononi nusu saa iliyopita.

Ila wanaotetea kichwa wana hoja nzito na siwapuuzi. Sehemu nyingi tunazofanyia kazi hakuna mashine ya kupima dripu, unahesabu matone kwa saa ya mkononi. Lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa ml, ni kama matone 42 kwa dakika, na muuguzi aliyezoea anajua hiyo ni 10 au 11 kila sekunde 15, anageuza kile kigurudumu huku anaongea na mgonjwa. Asiyejua kabisa atategemea chaji ya simu. Na mama wa kifafa cha mimba akiingia anarusha mikono na miguu hakuna mtu wa kuanza kufungua programu, pale unavuta magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege lake, ile ya asilimia 50 ml 8, unaongeza maji ya sindano ml 12, unapata gramu 4 za kumpa mama taratibu kwenye mshipa. Wengi wamekariri hiyo nane kwa kumi na mbili na imeokoa akina mama, sema aliyekariri bila kuelewa siku akiletewa ampuli za nguvu tofauti atachanganya vilevile.

Upande wa pili nao usikilizwe. Hisabati kidato cha nne ndilo somo linaloangusha wengi nchini mwetu, na hao hao ndo wanakuja vyuo vya uuguzi wakiwa na hofu ya namba. Ukimnyima kalkuleta ukampa karatasi yenye desimali humfundishi usalama, unamfundisha kuogopa, na mwenye hofu wodini haulizi, anakisia. Angalia dawa mseto ya malaria, hakuna anayepiga hesabu pale, kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja, chini ya 25 viwili, chini ya 35 vitatu, kuanzia 35 vinne, basi. Jedwali limeondoa makosa mengi kuliko fimbo ya mkufunzi yeyote.

Lakini jedwali nalo lina mtego wake na hapa ndo naomba watu wanielewe vizuri. Jedwali la jenta ya watoto mara nyingi limeandikwa kwa ml, na zile ml ni za dawa yenye 10 mg kwa kila ml. Ampuli ya 20 mg kwenye 2 ml unavuta moja kwa moja, ila ya 80 mg lazima kwanza uongeze maji ml 6 ifike ml 8. Sasa kijana anasoma ml 1.5 kwenye jedwali ukutani, anavuta ml 1.5 kutoka ampuli ya 80 ambayo haijachanganywa, ametoa 60 mg badala ya 15. Jedwali sahihi, macho sahihi, mtoto kapata mara nne. Hapo kalkuleta haijaguswa wala kichwa hakijatumika.

Kwahiyo mimi msimamo wangu, waachieni kalkuleta lakini mbaneni pengine. Kabla hajabonyeza aseme kwa sauti anategemea ngapi, zaidi ya ampuli moja au chini yake? Nao wanaoandika mafaili waache ile sifuri ya mwisho, kilo 3 iandikwe 3, na nusu iandikwe 0.5 siyo nukta tano. Halafu alama. Uingereza baraza lao la wauguzi kwenye viwango vya 2018 limetaka mtihani wa mahesabu ya dawa ufaulu kwa asilimia 100, na sioni ukali wowote hapo, maana mtihani wa kawaida unaufaulu huku umekosa maswali kadhaa na kila swali ulilokosa wodini ni mtu. Wengine watasema tutakosa wauguzi na tayari hatutoshi. Ni kweli hatutoshi, usiku unaweza kuwa peke yako na wodi nzima, hakuna wa kukuhakikishia dozi, ndo maana siwezi kulegeza hapo. Apewe nafasi ya kurudia hata mara tano, asichekwe, ila asivuke na tisini.

Na usiwe wa karatasi tu. Siku hizi nawawekea kwenye trei ampuli mbili za jenta, ya 20 na ya 80, bomba la ml 1 na la ml 5, chupa ya maji ya sindano na faili la mtoto. Nawaambia vuta nione. Anayeokota ampuli bila kusoma lebo namrudisha mwanzo, simu yake abaki nayo.