Gombe Iachwe Bila Barabara, Boti Ndizo Ziboreshwe

Hapa Kigoma hoja ya barabara ya kwenda Gombe, hifadhi ya taifa yenye sokwe, haikosi mtetezi. Kaa kijiweni Mwanga au subiri gari stendi, utaisikia tu: hifadhi ipo jirani, kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, lakini huwezi kuifikia kwa bodaboda wala daladala, basi ichongwe barabara na sisi tufaidi. Namwelewa anayesema hivyo, maana nia yake ni njema. Lakini sikubaliani naye.

Gombe kwa hali ya leo ni kama kisiwa cha msitu. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, na pande zilizobaki ni vijiji na mashamba. Ukipanda boti Kibirizi, ufuko wa boti hapa mjini, utaliona hilo bila kuelezwa na mtu. Safari inafuata ufuko, na kwa mwendo mrefu vilima vya mkono wa kulia ni mihogo, michikichi na udongo mwekundu uliochimbwa na mvua. Halafu miti inaanza, ghafla. Inashuka mabondeni mpaka karibu na maji, imeshonana, na hata hewa inayokuja botini inabadilika, inakuwa ya ubaridi. Mpaka wa hifadhi unausoma kwa rangi ya kilima.

Eneo lote ni kama kilomita za mraba 52, miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa za taifa tulizonazo. Ndani yake wanaishi sokwe ambao idadi yao haizidi mia kwa kiasi kikubwa. Hawana pa kuhamia. Likiwapata jambo, limewapata wote.

Na jambo lenyewe limeshawahi kuwapata. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe, baada ya ugonjwa huo kuwapata watu wa maeneo ya jirani. Baadhi walikufa, wengine wakabaki na mikono au miguu iliyopooza. Miaka iliyofuata yamekuja magonjwa ya kifua, na yameua pia. Sokwe ni ndugu yetu wa karibu kiasi kwamba mafua yako ya kawaida, yale unayoyanywea chai ya tangawizi ukaenda kazini, yanaweza kumwua yeye. Ndiyo maana ukiwakaribia unavaa barakoa, unasimama mbali kidogo, huli chochote mbele yao, na mwenye kikohozi habebwi kwenda msituni hata kama ametoka mbali.

Masharti hayo yanasimamiwa kwa urahisi kwa sababu watu wanashuka ufukweni, kwa makundi madogo, mbele ya askari anayewaona usoni. Nimemtazama mmoja akifanya kazi hiyo: anamsalimia kila anayeshuka, anamuuliza hali, na anasikiliza sauti inayojibu. Sasa fikiria barabara. Bodaboda zitaingia alfajiri na usiku, atakuja mwenye mkaa, atakuja mwenye shoka, na katikati ya kiangazi moto mmoja wa shambani utapanda kilima kabla mtu hajapiga simu.

Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika pale kwa boti tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na mama yake, kwa kuwa wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakutaka binti akae msituni peke yake. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akichukua ujiti, anauingiza kwenye kichuguu, anautoa umejaa mchwa na kuula. Wakati ule wataalamu waliamini kutengeneza zana ni kazi ya binadamu pekee. Dunia ilibadili mawazo yake kwa sababu ya kichuguu cha mkoa wetu. Goodall ametutoka Oktoba 2025, na utafiti aliouanzisha unaendelea.

Kitu ninachomheshimia zaidi ni kwamba alitazama pia upande wa pili wa mpaka. Vilima vya nje vilipobaki vitupu, taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, ukaanza na wanavijiji wenyewe: vitalu vya miche, maji, afya, mikopo midogo, masomo kwa wasichana, na baadaye misitu ya hifadhi ya vijiji. Sokwe hawezi kupona ikiwa jirani yake ana njaa.

Turudi kwenye boti, maana hapo ndipo watetezi wa barabara wana haki ya kulalamika. Mgeni anakodi boti yake ya haraka na anafika mapema. Mwanakijiji wa Mwamgongo anapanda boti ya abiria, anakaa juu ya magunia katikati ya madumu ya mawese na mabati, anafika anapofika. Mwalimu wa Ujiji au muuguzi wa mjini anayetaka kuwapeleka watoto wakaone hana boti inayomfaa kati ya hizo mbili. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, anakimudu. Kinachomkwamisha ni mafuta ya kukodi boti nzima, au hofu ya kupanda ile ya abiria mchana, upepo ukiwa umeshaanza kuchafua ziwa. Nimewahi kupanda boti ambayo jaketi okozi zilikuwa zimefungwa kwa kamba chini ya mizigo. Mama mmoja karibu yangu alimkumbatia mwanawe njia nzima, hakusema neno.

Kwa hiyo kama kuna fedha ya kuchonga barabara, iletwe Kibirizi. Abiria wapandie gatini, waache kubebwa mgongoni kuingia majini. Iwepo boti moja ya wananchi kila Jumamosi, iondoke asubuhi ziwa likiwa limetulia, irudi kabla ya giza, nauli yake igawanywe kwa vichwa na ibandikwe ukutani. Shule za mkoa zipewe nafasi zake kwa zamu. Jaketi zivaliwe kabla kamba haijafunguliwa, na nahodha anayekataa asiondoke.